Kompyuta Iliyopata Vipuri Vipya Ikazidi Kuwa Nzito: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Jirani na Mwalo wa Kirumba

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika ofisi ya wakala wa dagaa wakavu jirani na mwalo wa Kirumba, yaani mahali mitumbwi inaposhushia mizigo, jijini Mwanza. Majina ya watu, jina la biashara, tarehe na alama zote zinazoweza kumtambulisha mhusika zimeondolewa. Eneo nimelitaja kwa sababu ofisi za namna hii ni nyingi pale, na kwa sababu mazingira yake yana sehemu katika tatizo lenyewe. Ofisi ina watu watatu: mmiliki, mhasibu ambaye ni mama wa makamo, na kijana wa stoo. Kompyuta ni moja tu, ya mezani. Humo ndimo yanamoingizwa magunia yanayopokelewa kutoka visiwani, mauzo kwa wanunuzi wa mikoani na wale wanaovuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, madeni ya wenye mitumbwi, na malipo ya malori.

Kazi ya ofisi hii hufuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukikaribia kupevuka, taa hupoteza nguvu yake juu ya maji, mitumbwi mingi hupumzika, na ofisi hupata siku kadhaa za kupumua. Mmiliki aliamua kompyuta ifanyiwe kazi wakati wa mbalamwezi, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, ulikuwa na upande wa pili: kila siku iliyopotea iliisogeza ofisi karibu na giza, wakati ambao kompyuta ikilala mizigo huandikwa kwenye daftari, na daftari linaloshikwa na mikono iliyotoka kupakia magunia si mahali salama pa kuandikia deni la mtu.

Mashine yenyewe ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, aina ya Core i3-2120, toleo la mwaka 2011, yenye kasi ya gigahezi 3.3. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine ikiwa kazini, ilikuwa GB 4 kwenye kijiti kimoja. Diski ilikuwa ya kuzunguka, GB 500, iliyogawanywa sehemu mbili: C iliyobeba Windows 10 ya biti 64, na D iliyobeba kazi za ofisi pamoja na kanzidata ya programu ya hesabu. Malalamiko ya awali yalikuwa kwamba tangu kuwashwa hadi mhasibu aweze kufungua programu ya hesabu zilipita dakika kama sita, na muda wote huo Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyotumika, ilionyesha diski ikitumika kwa 100%. Kwa mashine ya umri huo dalili hiyo huelekeza kwenye diski ya kuzunguka na RAM ndogo, kwa hiyo shauri la kuweka SSD, yaani diski ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani, na kuongeza RAM lilikuwa sahihi. Ninalisema mapema kwa sababu baadaye kila mtu alivilaumu vipuri.

Siku ya kuboresha

Fundi wa kwanza alifanya mambo manne kwa saa chache. Aliweka SSD ya GB 240 na kunakili juu yake sehemu C, akaacha diski ya zamani ndani ya mashine ili sehemu D iendelee kutunza kazi za ofisi. Aliongeza kijiti cha pili cha RAM, jumla ikawa GB 8. Alihamishia kwenye D lile faili ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM, pagefile.sys, kwa imani kwamba SSD huchakaa haraka ikiandikwaandikwa. Na mwisho, kwa kuwa mashine ilikuwa imefunguliwa na vumbi lilikuwa jingi, aliing'oa hitisinki, yaani lile bonge la alumini lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, akaipuliza kwa blowa na kuirudisha mahali pake.

Jambo hili la nne hakuna aliyemwomba. Alilifanya kwa moyo mzuri na hakulitoza. Halikuandikwa popote na halikutajwa kwa mwenye ofisi, na ndiyo maana kwa siku tano zilizofuata hakuna aliyelifikiria.

Jioni ile kompyuta iliwaka kwa sekunde zisizofika thelathini. Mhasibu alifungua programu, akaifunga, akaifungua tena, akafurahi. Fundi alilipwa akaondoka.

Siku tano za kubahatisha

Asubuhi iliyofuata mashine iliwaka vizuri, lakini kabla ya saa nne ilianza kuganda. Herufi zilichelewa kutokea baada ya kubonyezwa, mshale wa kipanya ulikuwa ukirukaruka, na kuhifadhi risiti moja kulichukua muda wa kutosha mtu kwenda mlangoni na kurudi. Mhasibu alisema waziwazi kwamba afadhali ile ya zamani, kwa sababu ile ilichelewa kuamka tu, ikishaamka ilifanya kazi.

Fundi alirudi. Alishuku virusi, akaweka programu ya pili ya kuzuia virusi juu ya ile inayokuja na Windows. Hali ikazidi kuwa mbaya. Siku ya pili alishuku kwamba unakili wa Windows ulikuwa na kasoro, akaweka Windows upya kabisa. Kuirudisha programu ya hesabu, printa, ile programu ya pili ya kuzuia virusi, na pagefile kule D kulimaliza siku hiyo na nusu ya siku ya tatu. Mashine ikakimbia robo saa, kisha ikarudi kule kule. Siku ya nne alichomoa kijiti kipya cha RAM, akakirudisha, akabadilishana nafasi za vijiti viwili. Alifungua pia Task Manager, akaona prosesa inatumika chini ya nusu, akahitimisha kwamba prosesa haina tatizo. Nitalirudia hilo, kwa sababu ni mtego ambao hata fundi makini anaweza kuingia.

Siku ya nne jioni aliitwa mtu mwingine mwenye uelewa kidogo, akapima kasi ya SSD na kupata megabaiti kama 265 kwa sekunde, ilhali boksi lilisema zaidi ya 500. Neno "feki" likatamkwa. Tangu hapo kazi iligeuka kuwa kutafuta mchawi: mmiliki alitaka fedha zake, fundi alisema ameuziwa na duka, duka likasema vipuri vikishafunguliwa havirudishwi.

Nilichokuta

Niliitwa siku ya tano. Kabla ya kugusa chochote nilimwomba mhasibu anieleze, kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele ya mashine kuliko mtu mwingine yeyote.

"Mama, inaanza kuwa nzito saa ngapi?"

"Asubuhi inakimbia, baba. Nikishaanza kuingiza mizigo, chai yangu haijaisha, inaganda. Nikiizima na kuiwasha palepale, bado nzito. Lakini nikienda kuswali adhuhuri, nikirudi inakimbia tena."

"Ukienda kuswali unaiacha inawaka?"

"Naizima. Umeme wa LUKU huu."

Katika maelezo hayo mafupi kulikuwa na nusu ya jibu. Tatizo la programu, kwa kawaida, hutulia mashine ikizimwa na kuwashwa, kwa sababu RAM husafishwa na programu huanza upya. Tatizo lisilotulia kwa kuwashwa upya papo hapo, lakini likatulia mashine ikizimwa kwa saa nzima, linategemea kitu ambacho kuzima kwa dakika moja hakukiondoi. Ndani ya kompyuta kitu cha namna hiyo ni joto.

Nilimwomba aingize mizigo kama kawaida huku nikiangalia vipimo. Nilifungua Task Manager upande mmoja na HWiNFO, programu inayosoma joto na kasi ya vipuri, upande wa pili. Mashine ikiwa imetoka kuwashwa, prosesa ilikuwa nyuzi joto 63, nayo haifanyi kazi yoyote ya maana. Hiyo peke yake ilikuwa juu mno. Dakika ya saba ilifika 90. Dakika ya kumi na moja ilipanda hadi 98, na hapo kasi ikaporomoka kutoka gigahezi 3.3 hadi 1.6. Mhasibu, ambaye hakuwa akiangalia mchoro wa vipimo, alisema wakati huohuo, "Haya, imeanza."

Prosesa hufanya hivyo kwa makusudi. Ikikaribia kiwango cha joto kinachoweza kuiunguza hujipunguzia kasi ili ibaki hai. Sasa, wakati kasi imeshuka hadi 1.6, Task Manager ilionyesha matumizi ya prosesa yakiwa 48% na hayapandi zaidi. Katika Windows 8 na Windows 10, asilimia hiyo hukokotolewa kwa kulinganisha na kasi ya kawaida ya prosesa, si na kasi iliyobaki baada ya kupunguzwa. Prosesa inayofanya kazi yote inayoweza kwa gigahezi 1.6, wakati kasi yake ya kawaida ni 3.3, itasomeka karibu 48%, na anayeangalia atadhani nusu ya nguvu imekaa bure. Ndiyo asilimia aliyoiona fundi wa kwanza. Kipimo kilichokuwa na jibu kilikuwa namba iliyo kando yake, ile ya kasi, na hakuna aliyeisoma.

Nilipima diski pia. SSD ilikuwa nzima. Kasi ya 265 iliyoleta tuhuma za ufeki ilikuwa na maelezo rahisi: bodi za kizazi hicho za chipuseti ya H61 zina milango ya SATA, yaani ya kuchomekea diski, ya gigabiti 3 kwa sekunde, ambayo baada ya gharama za usafirishaji haipitishi zaidi ya megabaiti 300. SSD yoyote nzuri ikichomekwa pale itasoma kati ya 250 na 280. Mtumiaji wa ofisi hapotezi kitu cha maana, kwa kuwa anachokihisi ni wepesi wa kuchota vijifaili vidogo vidogo, na hapo SSD kwenye mlango wa zamani bado inaiacha mbali diski ya kuzunguka. Nilimweleza mmiliki hivyo, nikamwonyesha jedwali la milango kwenye kitabu cha bodi. Tuhuma hiyo ikafa, na naona ulikuwa wajibu kuifuta, kwa sababu kuna mtu alikuwa amechafuliwa jina.

Diski ya zamani ilikuwa habari nyingine. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, iliipa rangi ya njano, yaani tahadhari. Kipimo C5, kinachohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia la kufanya, kilisoma 2A. Namba hizo programu huziandika kwa msingi wa kumi na sita isipobadilishwa. 2A ni 42, na hata ingeandikwa "10" ingekuwa na maana ya 16. Kipimo C7, ambacho hupanda waya wa data ukiwa mbovu, kilikuwa sifuri, kwa hiyo waya ulikuwa salama. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kulikuwa na mistari mingi ya tukio namba 153, yaani diski imeombwa data, haikujibu kwa wakati, ikaombwa tena, na michache ya namba 7, inayotaja eneo bovu moja kwa moja.

Hivyo mashine ilikuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yaliitwa kwa jina lilelile: "nzito".

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuizima na kutoigusa hitisinki kwanza. Mmiliki alishangaa, kwa kuwa tayari nilikuwa nimetaja joto. Sababu ilikuwa moja. Joto huondoka mashine ikizimwa na halichukui kitu, ilhali diski inayokufa huondoka na data, na kila saa ya kazi inaiongezea majeraha. Kanzidata ya madeni na magunia ilikuwa juu ya diski hiyo, na nakala ya mwisho iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa na umri wa miezi mitano.

Niliichomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta nyingine kwa adapta, nikanakili kwa mpangilio wa thamani: kwanza folda ya kanzidata, kisha majedwali ya Excel ya mwaka huo, kisha yaliyobaki. Kanzidata ilisomeka yote. Kwenye folda ya picha za risiti za malori, picha kumi na moja hazikusomeka hata baada ya kujaribu mara tatu, nikaacha. Kuilazimisha diski dhaifu isome sehemu mbovu mara kwa mara ni kuharakisha kifo chake.

Baada ya hapo ndipo nilipofungua mashine. Niliigusa hitisinki kwa kidole kimoja ikacheza, kama jino la mtoto. Hitisinki za Intel za kizazi hicho hushikwa na pini nne za plastiki zinazopenya kwenye bodi. Ukiizungusha pini kufuata mshale uliochorwa kichwani inajiachia. Usipoirudisha kinyume kabla ya kuibana itaingia, itaonekana imekaa, na haitashika. Pini ya juu kushoto ilikuwa imebaki kwenye hali ya kuachia. Nilipoinua hitisinki alama ilijieleza yenyewe. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili kupitisha joto, ilikuwa ya tangu kiwandani, imekauka na kupasukapasuka kama tope la ukingoni wakati maji yamerudi nyuma, na eneo lililokuwa likigusana kwa dhati na prosesa lilikuwa kona moja tu. Robo tatu zilizobaki zilikuwa zimeachana kwa nafasi ambayo ungeweza kupitisha karatasi.

Kati ya mapezi ya alumini, karibu na kitovu cha feni, kulikuwa na tabaka ambalo blowa halikulifikia. Halikuwa vumbi peke yake. Yalikuwa magamba laini ya dagaa, vumbi la mchanga, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi na kuingia popote penye mwanga, vyote vimeshikana kwa unyevu hadi vimekuwa kama kipande cha blanketi. Nilikitoa kwa brashi ya meno na kibano. Ofisi iliyo mita chache kutoka mwaloni haiwezi kutumia ratiba ya usafi ya ofisi ya ghorofani mjini kati.

Nilisafisha prosesa na hitisinki kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, nikarudisha pini zote nne kwenye hali ya kushika na kuzibana kwa mkingamo, moja baada ya nyingine, hadi kila moja ikalia. Kisha niligeuza bodi nikaangalia kwa nyuma kama ncha zote nne zimejitokeza sawasawa. Hatua hiyo ya kuangalia nyuma inataka kufungua skrubu kadhaa zaidi, na wengi huiruka. Sijui njia nyingine ya kuwa na uhakika.

Uamuzi uliofuata ndio uliozua ubishi. Baada ya kutibu joto, na data ikiwa salama mahali pengine, niliirudisha diski mbovu kwenye mashine kwa saa moja ikiwa na kanzidata yake, nikamwomba mhasibu afanye kazi ya majaribio. Mmiliki aliuliza kwa nini ninarudisha ubovu kwenye kitu kilichopona. Nilimjibu kwamba nikirekebisha mambo mawili kwa pamoja na mashine ikapona, sitajua ni lipi lililokuwa na hatia, na likirudi kesho tutaanza kubahatisha upya. Alikubali, ingawa hakupenda.

Saa hiyo ilikuwa na thamani. Joto halikupita nyuzi 66, kasi ilibaki 3.3, na kipanya hakikurukaruka tena hata mara moja. Lakini mhasibu alipofungua risiti za miezi ya nyuma, programu iliganda kati ya sekunde ishirini na arobaini, na Task Manager ilionyesha diski D ikiwa 100% huku kiasi cha data kinachopita kikiwa karibu na sifuri. Mgando wa jumla, ule wa kila kitu, ulitokana na joto. Mgando wa risiti za zamani ulitokana na diski. Watu walikuwa wameuona kama kitu kimoja.

Hapo niliiondoa diski moja kwa moja. Programu ya hesabu ilikuwa imezoea kutafuta kanzidata kwenye D, na kuibadilishia njia kulihitaji msaada wa aliyeiuza, ambaye hakupokea simu siku hiyo. Nilipunguza sehemu C ya SSD, ambayo Windows huihesabu kuwa GB 223, nikatengeneza sehemu ndogo ya GB 60 na kuipa herufi D. Kanzidata ikaingia humo, na programu haikujua kwamba kuna kilichobadilika. Faili la pagefile nililirudisha C. Hofu ya kuichakaza SSD haikuwa na msingi kwa ofisi hii: SSD za kawaida hukadiriwa kustahimili kuandikwa makumi ya terabaiti, na mashine inayoandika GB 10 kwa siku ingehitaji zaidi ya miaka kumi kumaliza terabaiti 40. Programu ya pili ya kuzuia virusi niliifuta.

Matokeo

Siku ya sita, mchana, paa la bati likiwa limepata jua kamili, prosesa ilisoma nyuzi 41 ikiwa imetulia na 69 baada ya nusu saa ya kazi. Kasi haikushuka. Kuwaka hadi kufungua programu ya hesabu kulichukua sekunde 34. Giza lilianza siku mbili baadaye na mizigo yote iliingizwa kwenye kompyuta.

Gharama ya vifaa vya ziada ilikuwa pesti ya joto na diski ya nje ya kutunzia nakala rudufu. Gharama iliyouma ni siku tano, na zile picha kumi na moja. Mhasibu aliwatafuta wenye malori wawili wampe nakala za risiti zao. Mmoja alikuwa nazo.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine yote ni kwamba hakuna aliyepima mashine kabla ya kuifungua. Dakika tano za kuandika joto la prosesa, hali ya diski na muda wa kuwaka zingetosha kuonyesha kwamba diski ilikuwa imeanza kufa hata kabla ya kubadilishwa chochote. Fundi angejua asiiachie kazi ya kutunza kanzidata, na joto lingekuwa na namba ya kulinganishia. Mimi mwenyewe siwezi kusema joto lilikuwa kiasi gani kabla ya pini kuachia, na hilo ni pengo katika uchambuzi huu. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa miaka mashine ilifanya kazi na pesti ileile iliyokauka, kwa hiyo pesti peke yake haikutosha kuiangusha; ilihitaji pini.

Fundi wa kwanza hakuwa mzembe kwa maana ya kutojali. Alirudi kila alipoitwa. Tatizo lake lilikuwa kwamba kila tendo lake baada ya siku ya kwanza lilikuwa dawa, na hakuna hata moja lililokuwa kipimo. Kuweka Windows upya ni dawa nzito: inachukua siku, inafuta ushahidi uliokuwa kwenye Event Viewer, na ikishindwa haikuambii chochote zaidi ya kwamba imeshindwa. Kupima joto kunachukua dakika kumi na mbili na hakuharibu kitu. Mpangilio wa hatua katika kazi hii unapaswa kufuata hilo: kile kisichobadilisha mashine kitangulie kile kinachoibadilisha.

Kuna pia suala la nini kinashukiwa. Mashine ikiharibika baada ya kuwekewa kipuri kipya, akili ya kila mtu hukimbilia kwenye kipuri. Hapa vipuri vyote viwili vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni kitu ambacho mkono ulikigusa njiani, na kingine ambacho mkono ulikiacha mahali pake huku kikiongezewa kazi. Hili la pili naliona zito zaidi, kwa sababu kuhamishia pagefile na kuacha kanzidata kwenye diski ya zamani kulifanywa kwa nia ya kuilinda SSD, na matokeo yake ni kwamba kazi ngumu kuliko zote ilikabidhiwa kiungo dhaifu kuliko vyote.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni maelezo ya mhasibu. Kwa siku nne alikuwa na habari kwamba kuzima kwa saa nzima kunatibu na kuzima kwa dakika moja hakutibu. Hakuna aliyemuuliza. Aliulizwa kama amefungua tovuti za ajabu, kama kuna mtoto aliyecheza na kompyuta, kama amechomeka flashi ya mtu. Maswali hayo yanamtafuta mkosaji, na mtu anayeulizwa hivyo hujibu kwa kujitetea. Swali la "inaanza lini, na inatulia lini" halimlaumu mtu, na ndilo lililofungua njia.

Kwa upande wangu, jambo ambalo ningelifanya tofauti ni kumwita fundi wa kwanza awepo wakati wa kufungua. Nilimpigia baadaye, nikamweleza kuhusu pini kwa picha niliyopiga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile hitisinki niliitoa kwa haraka, umeme ulikuwa umekatika natumia tochi ya simu." Angekuwepo tangu siku ya tano, ningelijua hilo mapema, naye angeiona alama ya kona moja kwa macho yake badala ya kusimuliwa.

Hali ilivyo sasa

Ndani ya mfuniko wa mashine nimebandika karatasi yenye namba nne: joto la kutulia, joto la kazi, muda wa kuwaka, na tarehe ya usafi. Kijana wa stoo amefundishwa kusoma joto kwenye HWiNFO, na kila mbalamwezi ya pili anaiandika. Baada ya miezi minne joto la kazi lilikuwa limefika 74, mashine ikafunguliwa, na blanketi lilelile la magamba na wadudu likakutwa limeanza kujisuka upya kwenye feni.

Diski ya zamani iko kwenye droo ya mmiliki, imefungwa kwenye mfuko na kuandikwa MBOVU kwa kalamu nene, kwa sababu wiki tatu baada ya kazi hii kijana huyo alikuwa ameiomba akaiweke kwenye kompyuta ya nyumbani kwao.